Joka la Dimbwini Tabaka

Mimi nina mdomo, na tangu ninunue simu kubwa vidole vyangu navyo vimeota mdomo. Nashona sare za shule mjini Kisii. Cherehani ikinyamaza, nashika simu. Ndivyo nilivyokaribia kumuua mama yangu.

Jumapili nilikwenda Tabaka kumsalimia. Nilimkuta kwenye dimbwi la machimbo ya zamani, amekalia mgongo wa joka. Lilikuwa la jiwe la sabuni, kazi ya jirani yetu Manasseh, aliyeagizwa na hoteli moja ya mbali. Alilichonga vipande saba, akavipanga majini ili kina mama wavipige msasa bila kumeza vumbi. Maji yalificha maungio. Jiwe hilo likilowa hung'aa, na mawimbi madogo yakilipita utaapa linapumua. Mama alikuwa akilimwagia maji kwa kikombe huku akiimba wimbo wa kanisani. Nikarekodi video, nikaiweka mtandaoni na maneno haya tu: "Tabaka, Kisii. Anaogeshwa kila Jumapili."

Kufikia Jumatatu watu laki tatu walikuwa wameitazama. Nilicheka hadi sindano ikanidunga. "Wueh! Hiyo si nyoka, hiyo ni lori imelala," aliandika mmoja wa Nairobi. Mtanzania akauliza, "Jamani Wakenya, joka hilo linakula nini, au mnalilisha wabunge?" Mwingine alilitazama mara nane, na mara ya tisa likamkonyeza. Kuna aliyetangaza kwamba dunia imefika mwisho, akajibiwa angoje watu wamalize kuchuma chai. Wachache waliosema ni jiwe walitukanwa wakatokomea. Mimi sikumsahihisha mtu. Ukweli ungeharibu sherehe.

Jumanne saa tano na nusu asubuhi nikakuta maneno ya Ochoki, mtu wa ng'ambo ya mto wetu, ambaye ng'ombe wake wawili walikufa mwezi uliopita. "Huyo mama namjua, ni Nyanchoka. Sasa nimejua ng'ombe wangu walimalizwa na nini. Tukutane hapo dimbwini saa sita. Mje na petroli." Chini yake watu wengi walisema wanakuja.

Kwetu ajuza mjane akishatajwa mrogi, si wote wanaongoja korti. Nilimpigia mama, simu imezimwa, maana yeye huiwasha akitaka kupiga tu. Manasseh hakushika. Nilitaka kuifuta ile video, lakini wengine walikwisha kuinakili na kuisambaza, basi nikaandika, "Ni jiwe! Ni jiwe tu!" Nikajibiwa, "Na wewe ni wa ukoo wao?"

Nikafunga duka, nikakodi pikipiki. Njia nzima nilimgombeza dereva kwa kujikokota, na maskini alikuwa anakimbia vibaya sana. Nilijigombeza mwenyewe zaidi. Kupenda kwangu kuwachekesha watu nisiowajua kulikuwa kunampeleka mama motoni.

Nilifika saa sita na nusu. Pikipiki kama kumi zilikuwa zimeegeshwa kando ya machimbo. Mtungi wa petroli ulisimama kwenye nyasi, na mapanga mawili kando yake. Hapakuwa na kelele yoyote. Nikapiga ukelele, "Mama!"

"Unapigia nani nduru?" sauti yake ikajibu kutoka chini. "Shuka huku."

Nikachungulia. Ilikuwa siku ya egesangio, kile kikundi cha kina mama wanaosaidiana kazi kwa zamu. Wote kumi na wawili walikuwa wamelikalia joka, kuanzia kichwani hadi mkiani. Katikati yao, suruali zimekunjwa hadi magotini, wanaume kama ishirini walikuwa wakisugua jiwe. Ochoki alikuwa amepewa pua.

Nyamoita, mwenyekiti wao, alinieleza huku akijifuta machozi ya kicheko. Kikundi chao kina sheria moja: anayewakuta kazini hasemi neno kabla hajatia mkono. Hata chifu aliwahi kupalilia mistari miwili ya mahindi ndipo akasikilizwa. Wanaume walipofika wakifoka, mama hakuinua hata kichwa. Alisema, "Mmekuta mama zenu kazini. Shikeni msasa kwanza, mashtaka baadaye." Wakaona haya. Ochoki aliingia majini, akaweka kiganja juu ya joka, akakiondoa, akakirudisha. "Ni mawe," akasema kwa sauti ndogo. Mashtaka yakaishia hapo.

Nilimkumbatia mama, maji na tope na vyote. Sijawahi kushukuru hivyo.

"Wanasema watu wameandika mambo," akasema. "Tusomee."

Nikasoma habari za lori na za wabunge, na dimbwi zima likaangua kicheko. Nilipofika kwa Ochoki nikayaruka maneno yake.

"Soma na yangu," alisema Ochoki bila kuinua macho. Nikasoma. "Mama, nisamehe," Ochoki akamwambia mama.

"Hiyo pua bado iko na makwaruzo," mama akamjibu. "Sugua."

Nyamoita, aliyekuwa akichungulia begani mwangu, akasoma kwa sauti yale niliyotaka yapite, swali la mtazamaji mmoja: "Huyo bibi ni nani?" Na jibu langu la Jumatatu: "Simjui, nilikuwa napita tu."

Nilikuwa nimeandika hivyo ili mzaha unoge. Watu mia nne walikuwa wamelipenda jibu hilo. Mama aliacha kusugua.

"Hunijui?" Hakuuliza kwa hasira, na hilo ndilo lililoniuma.

Nikaandika pale pale, nikitamka kila neno ili asikie: "Anaitwa Nyanchoka. Ni mama yangu. Mimi ni Celestine, binti yake."

"Ongeza ni kifunguamimba," akasema. "Wasifikirie ni yule mdogo. Yule ako na adabu."

Watu wote wakacheka, na mimi nikacheka huku nalia, kwa sababu mama yangu alikuwa hai na alikuwa ananitania.