Kokoto Saba za Kulthumu

Siku ile mpumbavu alikuwa mimi. Nasema mapema ili msihangaike kumtafuta mwingine. Katika mji huu wa Baraka wako wengi, lakini zamu ilikuwa yangu.

Mimi ni Assani, fundi wa kuziba bidoni, yale madumu ya maji, hapa sokoni. Unaniletea bidoni iliyopasuka, nayeyusha kipande cha kandambili juu ya ufa, nalainisha kwa kisu cha moto, unaenda zako. Nimekimbia vita mara tatu, nimekaa kambini Tanzania miaka kumi na moja, nimerudi nikiwa bado nacheka. Wateja wanasema sina huzuni. Hawajawahi kulala kwangu.

Kwangu kuna sauti. Mke wangu Kulthumu, mzaliwa wa Ubwari, alikuwa na kokoto saba nyeupe alizookota ufukweni kwao. Kila alfajiri baada ya swala alizitia ndani ya bidoni pamoja na mchanga na maji kidogo, akaitikisa mpaka utelezi wote utoke. Shwaka, shwaka, shwaka. Bamama wote wa Baraka wanaosha hivyo, ila kokoto zake zilikuwa na mlio wake. Kolera ilimchukua miaka mitatu iliyopita, kwa siku moja na nusu. Sauti haikwenda naye. Alfajiri nyingine naisikia uani. Natoka, nakuta bidoni yake ya njano, ile tuliyopewa siku ya kurudi kutoka kambini, imekaa kimya pale alipoiacha, na kokoto ziko ndani ya kopo lake. Naisalimu. Nachota humo maji ya chai, maana chai ya bidoni nyingine haina ladha.

Binti yetu Munira alisoma kemia Bukavu. Mama yake alipokufa, alirudi na neno moja tu mdomoni: polima.

"Polima ni nini, mama?" nilimwuliza. Kwetu binti unamwita mama.

Akachukua tasbihi yangu. "Iko kama hii, Baba. Punje moja na mwenzake, na mwenzake, mara elfu. Plastiki yote iko hivyo. Sasa mi naweka punje zenye umeme kidogo. Mikrobe ikikaa juu yake, ngozi yake inapasuka. Haiwezi kuzaa."

"Kwa hiyo umetengeneza tasbihi inayoua."

"Inaua vidudu tu. We uko salama, hata na madhambi yako yote."

Alipaka polima hiyo ndani ya bidoni tatu mpya, utando mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu, akazifunga uzi mweusi kwenye mshikio. Nyingine tatu akaziacha bila kitu. Zote sita zilikaa uani kwangu wiki sita, zikijazwa maji ya ziwa asubuhi na kumwagwa jioni. Alhamisi mwenzake Déogratias, mwalimu wa chuo, angetoka Bukavu kuja kupima. Zile za uzi zikikutwa safi, chuo kingemwachia Munira vyombo na kazi mwaka mzima. Zikikutwa na mikrobe, basi, kila kitu kinafungwa.

"Usiziguse, Baba," aliniambia. "Kazi yako ni kufukuza mbuzi tu."

Jumatano alfajiri nikaisikia. Shwaka, shwaka. Safari hii haikutoka upande wa bidoni ya njano. Ilitoka kwenye mstari wa zile sita. Nikatoka mbio. Hapakuwa na mtu, wala upepo. Lakini kopo la kokoto lilikuwa limelala ubavu, na kokoto zote saba ziko chini, zimelowa.

Mwenye akili angesema ni mbuzi. Mimi nikasema ni Kulthumu, amekuja kunigombeza. Mgeni anafika kesho, bidoni zinateleza ndani, na mimi nimelala kama bwana harusi. Nikachuchumaa, nikaziosha zote sita kwa mchanga na kokoto mpaka jasho likanitoka. Nilikuwa nalia na kucheka pamoja. Nikahisi mtu amesimama nyuma yangu, anafuata mikono yangu kwa macho, kama alivyozoea kunikagua. Sikugeuka. Niliogopa nisimkute.

Alhamisi Déogratias alifika, akapangusa kuta za ndani kwa pamba, moja moja. Jumamosi majibu yakatoka: bidoni za uzi zimeota mikrobe karibu sawa na zile nyingine.

Munira hakulia. Alikaa kwenye chumba alichoazimwa nyuma ya duka la dawa, akitazama visahani vyake vya kuoteshea mikrobe.

"Nilimuahidi Mama pale kaburini," alisema, kama anaongea na ukuta.

Na mimi nikanyamaza. Hapo ndipo ninapoona haya mpaka leo. Kuosha nilifanya kwa mapenzi, kunyamaza nilifanya kwa woga.

Déogratias akakata kipande cha bidoni moja ya uzi, akakiweka chini ya mikroskopi. Akatazama sana. Akainua kichwa.

"Papa Assani, humu walipita ng'ombe wa Minembwe?"

"Kwa nini?"

"Iko mikwaruzo, Papa. Kama barabara ya Lubondja wakati wa mvua. Na mikrobe zimejipanga humo humo."

Nikaona hakuna pa kutorokea. Nikasema yote: sauti, kopo, kokoto. Déogratias alitaka kucheka, akauona uso wa Munira, akaacha.

"Tutaandika juu ya bidoni," alisema. "Marufuku kuosha na mchanga."

"We utakataza bamama wa Baraka kuosha bidoni?" nikamwambia. "Jaribu. Mi nitakuja kwenye matanga yako." Pumzi ilikuwa imeanza kunirudi, nikaendelea. "Kitu cha kupaka kinatoka siku zote. Mi nikiziba na kandambili nyekundu, wekundu unaenda mpaka ndani. Ukwaruze unavyotaka, unakuta wekundu mwingine."

Munira akageuka, akanitazama kama vile nimevua kofia nikawa mtu mwingine.

"Tuyeyushe pamoja," alisema polepole. "Tusipake. Punje zikae ndani ya plastiki yenyewe. Kokoto ikikwaruza, ikute zingine." Kisha akakunja uso. "Lakini kokoto inachimba mpaka wapi? Lazima nikate bidoni iliyooshwa hivyo miaka mingi, nipime."

Bidoni za Baraka hazifikishi miaka mitano. Iko moja tu yenye miaka kumi na saba.

"Hapana," nikasema, kabla hajaitaja.

Tulibishana njia nzima mpaka uani, yeye na msumeno mkononi, mimi mbele yake kama kipa. Nikaikumbatia ile bidoni ya njano.

"Nitakurudishia vipande, Baba."

"Vipande! Na wewe nikikukata, nimrudishie mumeo vipande?"

"Sina mume."

"Na kwa mdomo huo hutampata! Angalia hapa. Nimeiziba mara tisa. Huu mshikio umelika kwa vidole vyake. Ukiikata, alfajiri ataosha nini?"

Munira akafungua mkoba, akatoa kisahani kimoja ambacho sikuwa nimekiona. Madoa ya njano yalikuwa yametapakaa humo, ya duara, mengi.

"Hii ni ya bidoni yake," alisema. "Niliipangusa Alhamisi, ulipokuwa sokoni. Shukuru Mungu unachemsha chai yako."

Sikutaka kuyatazama yale madoa. "Mi namsikia, Munira. Unaelewa? Kila nikiamka namsikia humu ndani."

Akaniwekea msumeno mkononi.

"Mama tulimuzika, Baba. Aliyebaki humo ni aliyemuua."