Pacha wa Kwenye Karatasi

Golikipa huwajua watu kwa migongo. Wengine watakuambia Kufuli alikuwa na sura nzuri, sijui akicheka anafanya vishimo mashavuni. Mimi hayo niliyaona mezani tu, wakati wa kula. Kazini nilikuwa na mgongo wake: shingo fupi, bega la kushoto lililoshuka kidogo kuliko la kulia, na kile kiuno kigumu cha mtu aliyekataa kabisa kujifunza kucheza muziki. Alikuwa beki wangu wa kati klabuni, baadaye akawa beki wangu wa kati timu ya taifa, na nasema bila kutia chumvi kwamba mabao niliyofungwa yeye akiwa mbele yangu, mengi yalikuwa makosa yangu.

Jina la Kufuli tulimpa sisi, kwa sababu akikufunga umefungwa. Lakini kwa upande wa serikali mambo yake yalikuwa na funguo mbili. Mama yake ni wa huku kwetu, baba yake ni wa ng'ambo ya mpaka, na yeye alikuwa na hati mbili za kusafiria, zote halali. Siku katibu wa klabu aliposoma kwa sauti maneno "uraia pacha", chumba kizima cha kubadilishia nguo kiliangua kicheko. Basi ukawa ndio wimbo wetu. Akichelewa mazoezini tunasema leo kaja pacha. Akipoteza mpira tunasema huyo si yeye, ni pacha wake wa kwenye karatasi. Yeye mwenyewe alicheka kuliko sote, maana hakuwa mtu wa kununa.

Halafu nchi zote mbili zikamwita ndani ya wiki moja. Sheria ilikuwa wazi: ukishavaa jezi ya nchi moja katika mechi ya mashindano ya wakubwa, ile nyingine umeiaga. Wazazi wake waliachana yeye akiwa mdogo, mama akarudi naye huku. Likizo zote za shule alizimalizia kwa baba yake, fundi wa kuchomelea vyuma, akimshikia nondo na kupuliza cheche zinazoangukia viatu. Alimpenda yule mzee kupita kiasi. Lakini mama alikuwa huku, klabu ilikuwa huku, maisha yalikuwa huku. Akachagua huku.

Nilikuwepo alipompigia baba yake simu kumweleza. Tulikuwa chumba kimoja kambini, yeye kaketi kitandani, simu kaiweka sauti kubwa juu ya godoro.

"Baba, nimeshachagua."

Upande wa pili nilisikia nyundo ya mtu mwingine ikigonga chuma kwa mbali.

"Sawa," mzee akasema, bila ukali wowote. "Kaa huko. Mimi mwanangu yupo hapa."

Na simu ikakatwa. Kufuli alipiga tena na tena, siku hiyo na miezi iliyofuata, mzee hakupokea. Nilimwambia hasira za wazee hupoa, ampe muda. Nilijiona nina hekima kweli. Yeye akaniambia, huku anafunga kamba za viatu bila kuniangalia, kwamba makombe yote aweza kuyaacha; anachotaka ni kumsikia baba yake akimwita mwanangu mara moja tena. Nikajitia kutafuta glavu zangu.

Sasa, katika kazi yetu kuna neno moja ambalo ni amri. Mpira ukiwa juu na wawili mnauendea, anayewahi kusema "Yangu!" ndiye mwenyewe. Mwingine anapisha. Haulizi, hageuki kutazama, anapisha, la sivyo mtapasuana vichwa. Kufuli alilitii neno hilo kuliko mchezaji yeyote niliyewahi kucheza naye. Hata kama yeye ndiye aliyekuwa amekaa vizuri, ukiita tu, huyo kando.

Mechi moja ya ligi ikaja krosi laini, ya kubembeleza, mpira ambao hata bibi yangu angeutoa kwa kanga. Kufuli akajiandaa kuruka. Halafu akateremsha mabega, akapiga hatua moja pembeni, akauachia. Mshambuliaji wao mwenyewe alishangaa, nusura aukose. Aliposhtuka, mpira ulishaingia wavuni kwangu.

Nilimvaa pale pale.

"Wewe mzima kweli? Mpira gani huo wa kuachia?"

"Si umeitwa."

"Nani kaita? Mimi sijafungua mdomo!"

"Nimesikia 'yangu'."

"Sauti ya nani?"

"Yangu."

"Najua yangu! Nakuuliza sauti ya nani!"

Akanitazama kwa macho ya mtu anayeomba msamaha. "Sauti yangu, Kipa. Aliyeita ana sauti yangu. Imetokea nyuma yangu."

Nyuma yake nilikuwa mimi, na nyuma yangu ulikuwa wavu. Nikamtukana kidogo, kwa faida ya mashabiki, lakini nikageuka kuutazama ule wavu.

Daktari wa timu akamwangalia masikio, akasema ni safi kuliko ya kwake. Kocha akasema ni uchovu. Ikatokea tena, na tena, kila mara sauti ikimtangulia kwa pumzi moja, na yeye kila mara akipisha. Nikaanza kuita kila mpira, hata ule unaoviringika chini, mradi nimzibe masikio na kelele zangu. Watu wakadhani nimekuwa na kiherehere uzeeni.

Siku moja shangazi yake, dada wa baba, akampigia. Huyo ndiye aliyekuwa anakaa na mzee, kwa kuwa macho ya mzee yalikwisha; cheche za miaka yote zilikuwa zimeyala. Kufuli akaruka kupokea, akaweka sauti kubwa nisikie, akidhani baba yake amelegea.

"Nimepiga kukushukuru," shangazi akasema. "Lile bati la jikoni halivuji tena. Na baba yako tangu Jumapili yuko na furaha, anaimba hadi bafuni."

"Shangazi, Jumapili mimi sikuwa huko."

Jumapili hiyo tulikuwa kambini, wote wawili, tunakula wali mbichi wa mpishi mpya.

Shangazi akacheka. "Haya bwana. Basi alikuja pacha wako."

Shangazi yule hakuwahi kukanyaga chumba chetu cha kubadilishia nguo. Utani ule ulikuwa wetu sisi, wa chumba kile, na ukimtoa Kufuli, hakuna hata mmoja wetu aliyemjua. Kufuli akakata simu polepole, akabaki ameishika mkononi.

Ratiba ya mashindano ikatupangia kucheza na nchi ya baba yake, tena huko huko kwao. Mchana wa siku moja kabla ya mechi kocha akampa ruhusa ya kwenda nyumbani kwa mzee, sharti aongozane na mtu. Akanichagua mimi. "Nataka mtu mwenye macho," aliniambia, na hakuwa anatania. Alikuwa amenyoa, amevaa shati la bluu lililopigwa pasi mara mbili, na mkononi ana mfuko wa machungwa. Njia nzima alikuwa anafanya mazoezi ya maneno, midomo inacheza bila sauti.

Mtaa wenyewe ulikuwa wa mafundi: gereji, maseremala, duka la rangi lenye makopo barazani. Geti la mzee ulilijua kabla ya kuambiwa, kwa zile nondo zilizopindwa kwa ustadi kuwa miale ya jua. Kufuli akagonga. Shangazi akafungua, mikono ina povu la sabuni.

"Umesahau nini tena?" akamwuliza. Kisha akaniona. "Na huyu mgeni umemtoa wapi sasa hivi?"

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona unaniamkia mara ya pili? Hujaniamkia asubuhi?" Alikuwa bado anacheka. Halafu macho yake yakashuka kwenye shati la bluu, yakapanda usoni, yakasimama juu ya jicho la kulia, pale kwenye kovu la kiwiko cha mshambuliaji mmoja wa ligi yetu. Kicheko kikaisha. Akapisha mlango, akarudi jikoni, na tukasikia komeo la ndani likirudishwa.

Mlangoni kulikuwa na jozi ya viatu. Saizi ya Kufuli, kisigino kimelika upande uleule ambao viatu vya Kufuli hulika. Tukavua vyetu, tukaingia.

Mzee alikuwa kwenye kiti cha chuma karibu na dirisha la uani, mikono juu ya magoti, amenyooka. Mezani kulikuwa na vikombe viwili vya chai. Kimoja kilikuwa chake. Kingine kilikuwa kimenywewa nusu na bado kinatoa mvuke.

"Shikamoo, baba," Kufuli akasema.

"Marahaba, marahaba. Karibuni wageni. Kaeni popote. Mwanangu katoka uani mara moja, anakuja."

"Baba, ni mimi."

"Wewe nani?"

Kufuli akataja jina lake, lile la babu yake, alilopewa na mzee huyu huyu. Mzee akatabasamu kwa adabu zote.

"Jina zuri sana. Ndilo la mwanangu pia. Hebu sogea."

Kufuli akapiga magoti mbele ya kiti. Mzee akampapasa uso kwa vidole vyake vigumu, taratibu, paji, pua, mashavu. Nikaona uso wa mzee unaanza kubadilika, midomo inataka kusema kitu, na mimi nikashika roho mkononi. Halafu vidole vikafika kwenye kovu, vikasita.

"Hili limetoka wapi?"

"Mpirani, baba."

"Pole sana, kijana. Mwanangu hapa hana kitu. Lake liko mkononi, la cheche. Tangu macho yangu yaharibike yeye ndiye anayenimalizia kazi. Hajanipa nafasi hata ya kuwa mpweke." Akamwachia uso. Hakuwa anamkomoa, ningeona anamkomoa ningefurahi. Alikuwa anamhurumia tu.

Uani bomba likafunguliwa.

Nilikuwa nimesimama karibu na dirisha. Nikatazama, kwa sababu nililetwa kutazama. Kulikuwa na mashine ya kuchomelea iliyofunikwa gunia, ndoo, na mtu ameinama bombani ananawa mikono, kanipa mgongo. Shingo fupi. Bega la kushoto limeshuka. Sitasema alifanana na Kufuli. Kufanana ni kwa watu wawili, na mgongo ule mimi nilikuwa nimeusimamia nyuma maisha yangu yote ya kazi.

Nikamwinamia Kufuli sikioni. "Ita," nikamwambia. "Huyo wa bombani hajageuka bado. Mwambie mzee, 'Baba yangu, mimi ndiye mwanao, nilichukuliwa na mama kabla sijajua kusema.' Ita sasa hivi!"

Akaelewa. Nilimwona akivuta pumzi, kifua kikapanda, mdomo ukafunguka.

"Baba yangu!"

Imetokea uani. Sauti yake, ile ile, imemtangulia kwa pumzi moja.

"Baba yangu, nakuja! Yasikuchoshe mazungumzo."

Na Kufuli akafunga mdomo. Akainuka pale alipopiga magoti, akateremsha mabega, akapiga hatua moja pembeni. Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumshika shingo nimrudishe chini, nimwambie hapa si uwanjani, hapa hakuna atakayepasuka kichwa, gombania baba yako wewe mpumbavu! Lakini mimi ndiye niliyemfundisha kuachia, kwa kelele, kila siku ya mazoezi, na sauti haikunitoka.

Mzee alikuwa ameshageukia dirishani. Uso wake wote ulikuwa umefunguka, na kwa jinsi alivyofurahi hakukuwa na uwongo wowote ndani yake.

Hapo ndipo Kufuli akaanza kulia. Alijaribu kulia kimya, lakini kipofu humdanganyi kwa ukimya.

"Unalia, kijana?" mzee akasema. Akanyoosha mkono hewani, akaupata mkono wake, akaupigapiga. "Usilie. Na wewe si una baba yako mahali? Mrudie. Mrudie kabla hajazoea."

Bomba likafungwa. Tukasikia miguu yenye maji ikitembea juu ya saruji, haina haraka, inakuja mlangoni.

Kufuli akaweka mfuko wa machungwa mezani, kando ya kile kikombe cha nusu. Akajifuta uso kwa mkono wa shati. Akamwinamia mzee, akamuaga kwa heshima zote, vile mgeni aliyelelewa vizuri anavyoaga.

"Kwaheri, mzee," akasema. "Msalimie mwanao."