Théoneste Kwenye Lango la Pili

Ofisi ya kutafuta waliopoteana, pale Himbi, ilikuwa na seva moja tu, na ndani yake kanzidata moja ya majina. Ilikuwa ya aina inayokaa yote ndani ya kumbukumbu ya mashine. Ndiyo maana ilijibu upesi, na ndiyo maana ilikula nafasi. Majina yalikuwa ya watu wa 2021, mlima ulipowaka na mji ukaamriwa kuhama.

Sasa ilikuwa Novemba 2022. Waasi walikuwa wamekaribia Kibati, na waliokimbia walijaa barabarani. Mkuu wa ofisi, Papa Buhendwa, akamjia fundi wake, Dancille.

"Mama Dancille, zima listi ya volcan. Tuweke ya batu ba vita."

"Hapana, papa. Nitaweka mbili mu masini moya. Kila moya na mulango yake."

Alikuwa na sababu. Katika orodha ya volkano alikuwamo mumewe, Théoneste, mchomea vyuma wa Ndosho. Siku mji ulipokimbilia Sake, Dancille ndiye aliyemwambia arudi kufunga karakana. Hakuonekana tena. Majirani, ambao midomo yao haina breki, walishamuoza kwa mwanamke wa Minova. Dancille alimtamani hata akiwa amemkasirikia. Orodha ikizimwa, nani atamtafuta?

Penye nafasi ya alama za kumtambua mtu, wengine waliandika kovu au pengo. Yeye aliandika: "Anacheka kabla ya kumaliza mzaha wake." Papa Buhendwa alimwambia hiyo si alama. Dancille hakuifuta.

Basi akanakili faili la maagizo la kanzidata ya kwanza, akabadili namba ya lango la kuifikia, akawasha ya pili. Kutoka Kibati, karani Donat akaanza kutuma majina ya daftari lake. Yalipofika thelathini, Dancille akataka kuhakikisha kwamba orodha hazichanganyikani. Kwenye lango la pili akauliza jina lililokuwa karibu na vidole vyake.

Théoneste akatokea.

Dancille alisimama hadi kiti kikaanguka. "Papa, iko muzima! Iko Kibati!" Na alama zake: anacheka kabla ya kumaliza mzaha wake. Aliyeandika hivyo kamsikia kwa masikio yake! Alishashika simu ampigie Donat, alishaiona akilini pikipiki ya kumpeleka, ndipo akayasoma tena yale maneno, akayatambua. Yalikuwa yake mwenyewe.

Akalifungua faili. Lango alilibadili, lakini folda ya kuhifadhia nakala ya majina aliiacha ileile. Kanzidata ya pili ilipowaka ilisoma hifadhi ya ile ya kwanza, ikawabeba wote. Na zikiendelea kuhifadhi mahali pamoja, moja ingeifuta nyingine. Akaizima ya pili bila kuhifadhi, akaipa folda yake, akaiwasha upya.

"Donat, rudilia yote," alisema kwenye simu. "Kosa ni yangu."

Likabaki jaribio. Alijua jibu sahihi ni lipi, na hakulitaka. Akauliza tena, lango la pili, Théoneste.

Hakuna.

Akauliza lango la kwanza. Alikuwapo, na kicheko chake, tangu Mei 2021.

"Inatembea?" Papa Buhendwa aliuliza kutoka mlangoni, akiitazama mashine.

Dancille alijifuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Inatembea, papa," alisema. "Kule haiko."