Masahihisho ya Ukurasa wa Mwisho

Mhariri alikuwa amechoka. Si ule uchovu wa kulala mapema ukaamka mzima, la. Ni ule wa kusoma hadithi za watu tangu ujana, mpaka mtu anakusalimia asubuhi na wewe unatafuta pa kumwekea mkato. Macho yanawasha, mgongo ndio usiseme, na mezani pana mafurushi mawili ya karatasi: moja la kumbukumbu za vita, jingine la hadithi za kisayansi, za anga za mbali huko.

Yote mawili yaliagizwa na Bwana Mada. Jina lake halisi liko kwenye kibao cha mlango, lakini ofisi nzima inamwita Bwana Mada, naye anajua na anajifanya hajui. Ndiye mwenye kampuni, na imani yake ni moja tu. "Watu hawanunui hadithi," husema, "wananunua mada. Mtu anaingia dukani hajui anataka nini, lakini ukimuuliza vita au mapenzi, anajua." Kwa imani hiyo walishatoa mkusanyiko wa mama wakwe, wa treni, wa mizimu, na mmoja wa watu waliopoteza funguo. Huo wa funguo uliuzika kuliko yote, na mpaka leo hakuna anayejua kwa nini.

Mhariri alimcheka chinichini, ila kwa hili alikubaliana naye. Hadithi moja peke yake ni mtu anayejisemea barabarani, wapita njia wanampisha. Iweke pamoja na nyingine za jambo lile lile, imekuwa chumba cha kusubiri daktari: kila mtu na maumivu yake, lakini wote wanaangalia mlango mmoja, na wewe msomaji unasogezewa kiti. Ukichoshwa na huyu, unamgeukia wa pembeni. Ndiyo maana watu wanavipenda vitabu hivi, na ndiyo maana yeye, pamoja na mgongo wake, hakuwa ameacha kazi.

Sasa, kwenye furushi la vita mlikuwa na kumbukumbu ya baba yake mzazi.

Mzee aliwahi kuwa askari, na nyumbani hakusimulia kitu. Watoto walichojua ni kwamba akiwa usingizini hupiga ukuta kwa ngumi, pu, pu, pu. Wakawa wanaambiana kitandani, "Baba anabisha hodi," wakacheka, wakalala. Mhariri alimbembeleza sana mpaka akasema. "Baba, tunakusanya za wenzako. Yako tu ndiyo haipo." Hilo la wenzake ndilo lililomlainisha. Peke yake asingethubutu. Kwenye kundi, akakubali. Akazungumza kwenye simu ya binti yake, jioni moja, bila kupandisha wala kushusha sauti.

Ilikuwa fupi. Kikosi kilikuwa kinahama kwa lori. Rafiki yake alikuwa ameshuka na madumu kuwatekea wote maji, na lori likaondoka kabla hajarudi. Mzee, aliyekuwa nyuma, akapiga paa la dereva kwa ngumi, akapiga mpaka vidole viwili vikavunjika. Dereva hakusimama. Ama hakusikia, ama hakutaka. Kwa mbali akamwona rafiki yake anatokeza kwenye majani na madumu yamejaa, anakimbia nayo. "Angeyatupa labda angetufikia," alisema mzee. "Hakuyatupa. Yalikuwa maji yetu." Basi, rafiki hakurudi tena, na kumbukumbu ikaishia hapo.

Mhariri aliichapa huku akilia, akajifuta, akampigia simu baba yake. "Imeingia," akamwambia. Hapo ndipo alipojitia kitanzi.

Kwa sababu Bwana Mada aliisoma akakunja uso. "Hakuna risasi hata moja," alisema. "Na malori tunayo ya kutosha humu." Isitoshe, kitabu kilikuwa kimezidi. Mitambo ya mchapaji hutoa kurasa kumi na sita kwa mkupuo. Zikizidi nne, kumi na mbili zinazobaki zinakwenda tupu. Kitu lazima kitoke. Mhariri angeweza kupigana, lakini angepiganaje, na ofisi nzima inajua ni ya baba yake? Wangesema anabeba wa kwao. Akapiga moyo konde, akaitoa kwa mkono wake mwenyewe. Kumwambia mzee akasema atamwambia kesho. Kesho ikawa kesho kutwa, na mambo haya unajua yanavyokwenda.

Kitabu cha anga nacho kikaja na shida ya upande wa pili. Mwandishi mmoja alinuna, akaondoa hadithi yake, na mwishoni pakabaki kurasa nne wazi. "Jaza," Bwana Mada alisema, yuko mlangoni, koti mkononi. "Na kwa kuwa ndiyo ya mwisho, iwe na matumaini kidogo. Watu wasifunge kitabu na huzuni."

Mtu aliyechoka hafikiri, anafanya. Mhariri akaichukua ya baba yake. Lori likawa chombo cha angani. Madumu ya maji yakawa mitungi ya hewa, na majani yakawa vumbi jekundu la sayari isiyo na watu. Ngumi akaiacha ngumi. Alipofika mwisho akasita. Bwana Mada alitaka matumaini, sawa, lakini tusimsingizie Bwana Mada kila kitu. Mhariri mwenyewe alikuwa amechoshwa na kile kishindo ukutani. Alikisikia utoto wake wote, na safari hii yeye ndiye aliyeshika usukani. Akaandika kwamba rubani alisikia, chombo kikageuka, rafiki akapakiwa na mitungi yake. Chini ya kichwa cha hadithi akaweka jina la baba yake, maana angeweka la nani? Akajiambia: mzee haoni, ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Nitamsomea mimi, na nitamsomea ile ya kweli.

Mpango haukuwa mbaya. Aliyemsahau ni wifi yake.

Wifi ni mke wa mdogo wake wa kiume, na ndiye anayekaa na mzee. Ana roho nzuri na mdomo usio na breki. Vitabu vilipotoka, Bwana Mada, kwa wema wake, alimtumia kila mwandishi nakala moja, na mhariri hakuwa na habari. Alipofika kwa baba yake Jumamosi asubuhi, akakuta kitabu cha anga kiko mezani kifudifudi, na wifi anamenya viazi huku uso umemchangamka.

"Wifi, karibu. Nimeshamsomea baba."

"Umemsomea nini?"

"Si hiyo ya kwake. Mie nimelia, wifi, mpaka kamasi. Ila sikujua kama baba aliwahi kufika huko angani."

Kama alikuwa anatania au hatanii, kwa wifi huwezi kujua. Mhariri akaweka mkoba chini. Akaingia sebuleni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Kaa."

Mzee alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, mkono wenye vidole viwili vilivyopinda umelala gotini.

"Kumbe kulikuwa na sayari," alisema.

"Baba, nilitaka kukuambia."

"Ulitaka lini?"

Mhariri akavuta kiti, akaketi. Akamweleza yote, ya kurasa, ya Bwana Mada, ya kuogopa maneno ya watu, ya kuchoka. Mzee akasikiliza bila kukatiza, jinsi anavyosikiliza taarifa ya habari.

"Hiyo sayari haina neno," alisema mwishowe. "Lori, chombo, yote ni vyuma. Na wenzangu wa humo ndani wamenipendeza. Wifi yako kanisomea wawili watatu. Kuna mmoja amebaki mwezini peke yake na mashine inayomwimbia. Namwelewa kabisa huyo. Tena afadhali yeye kuliko wa vita, kila mmoja anataka awe ndiye aliyemwona jenerali."

Wifi akacheka huko jikoni.

"Ila umemrudisha," mzee alisema.

"Ndiyo, baba."

"Dereva kasikia."

"Nilitaka upumzike, baba. Nilichoka kukusikia unapiga ukuta."

Mzee akageuza uso dirishani. Alipozungumza, alizungumza polepole, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuchoka zamani, kabla ya binti yake kuzaliwa.

"Mimi nimemrudisha mara nyingi kuliko wewe. Kila nikilala lori linageuka, vizuri tu. Naamka, hayupo. Sasa waliomjua wamekwisha, nimebaki mimi, na mimi ndiye huyu unayemwona. Nilikusimulia ili abaki mtu anayejua kwamba hakurudi. Nyinyi mmechapa kitabu kwamba alirudi. Msomaji anakifunga amefurahi, anakwenda zake kula. Nani atamkumbuka mtu ambaye yuko salama?"

Hakupaza sauti. Angepaza ingekuwa nafuu. Mhariri akalia hapo hapo, mtu mzima na miwani yake, na wifi akachungulia na kisu mkononi, akaona, akarudi jikoni bila neno, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika nyumba ile.

"Kinarekebishika?" mzee akauliza.

"Kimeshachapwa, baba."

"Kwani nyinyi mkikosea kwenye vitabu mnafanyaje? Au hamkosei?"

Mhariri akapangusa miwani kwa kanga. Akaeleza, kwa kujibu tu, kwamba ziko karatasi ndogo za masahihisho. Zinachapwa pembeni, zinatiwa ndani ya kitabu: ukurasa fulani, palipoandikwa hivi, soma hivi. Huwa ni kwa tarakimu zilizogeuzwa au jina la mtu lililokosewa. Alipofika kwenye jina la mtu akasimama, kwa sababu alikuwa amejisikia anachosema.

"Basi si hizo," alisema mzee.

"Baba, hukuniambia jina lake. Kwenye simu ulisema rafiki yako tu."

Mzee akalitaja, la kwake na la baba yake. Akalirudia polepole ili binti yake asikosee kuliandika. Watoto wake walikua, wakaoa na kuolewa, na hakuna aliyewahi kulisikia. Jikoni, wifi aliacha kumenya.

Jumatatu Bwana Mada alidhani anataniwa. "Masahihisho kwenye hadithi ya kubuni? Nani anasahihisha uongo?"

"Mimi," alisema mhariri.

"Wasomaji watachanganyikiwa."

"Wachanganyikiwe."

Bwana Mada akamwonyesha kiti, mhariri akakataa kukaa. Bwana Mada akamtazama, akatazama koti lake, akasema haya, fanyeni, lakini msinisumbue nayo. Basi mhariri na wifi yake wakaenda kwenye ghala la vitabu, wakakaa juu ya maboksi, mmoja akifungua vitabu na mwingine akitia vikaratasi. Kikaratasi kilisema hivi: *Masahihisho. Ukurasa wa mwisho. Palipoandikwa "chombo kikageuka", soma "chombo hakikugeuka". Palipoandikwa "rafiki yake", soma*, halafu jina lote, la mtu na la baba yake. Migongo iliwauma wote wawili. Wifi hakunyamaza. "Na huyu wa mwezini," aliuliza, "yeye hana kwao? Si tumwandikie na yeye?" Mhariri akacheka mpaka akaangusha boksi, kisha akalia kidogo, kisha wakaendelea.

Walimaliza, wakamletea mzee nakala yake. Akaipokea kwa mikono miwili, akaifungua kutoka nyuma, akapapasa kwa vile vidole vilivyopinda mpaka vikagusa ukingo wa kikaratasi.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hiyo, baba."

"Jina liko sawa?"

Binti yake akamsomea. Mzee akaitikia kwa kichwa. Akaendelea kupapasa, kulia, kushoto, akaivuta ile karatasi kidogo, ikatoka kitabuni bila shida.

"Kumbe imewekwa tu," alisema.

"Ndivyo zinavyowekwa, baba."

"Itadondoka." Akairudisha mahali pake, akaikandamiza kwa kiganja, asiuondoe mkono. "Na za ghalani nazo zitadondoka. Leteni gundi."