Jioni Tatu za Maji

Bomba la jikoni lilikohoa gizani, likanyamaza, likakohoa tena. Kabla halijamaliza, Ralitsa alishavaa malapa. Saa kumi na moja ya alfajiri. Mwezi huu manispaa iliwapa maji saa hiyo moja tu. Mwezi uliopita zamu ya mtaa wao ilikuwa jioni. Maji ya mwanzo yalitoka rangi ya chai. Akayakinga kwenye ndoo ya choo, kisha yakafuata masufuria, madumu, hata beseni la kuogea, midomo yake ikitembea muda wote.

"Mimi naenda. Wewe unaenda. Yeye anaenda," alikariri kwa Kiingereza.

"Huyo yeye ndiye mwenye mkia," ilisema sauti mlangoni. Alikuwa Bilyana, bintiye wa miaka sita, blanketi mabegani. Mkia ni jina ambalo Mwalimu Nevena, wa darasa la Kiingereza la mama yake, aliipa ile herufi ya es inayobandikwa mwishoni mwa kitenzi, mtendaji akiwa yeye peke yake. "Mama, mbona mimi sina mkia?"

"Kwa sababu wewe si nyani. Rudi ukalale."

Leo ulikuwa mtihani wa mwisho wa darasa la jioni la manispaa. Ralitsa alikuwa mtandika vitanda katika hoteli ya chemchemi za maji moto, na watandikaji walikuwa wakipunguzwa. Mapokezi palikuwa na kiti kimoja. Meneja alisema atakayeleta cheti cha Kiingereza leo hii ndiye atakayekikalia. Akikikosa, ingembidi amfuate mumewe, Plamen, Uhispania kuchuma stroberi, na Bilyana abaki na bibi yake.

Asubuhi, mama mkwe wake, Bibi Tsonka, alimzuia kizingitini.

"Simama hapo, mwanangu. Hutoki kwenda mtihani bila kumwagiwa maji."

"Mama, maji yenyewe haya ya kuhesabu? Chukua basi yale ya vyombo."

"Tangu lini bahati ikaoshwa kwa maji ya vyombo?"

Bilyana akaleta kikombe chake mwenyewe cha kunywa, akakimwaga chote mbele ya miguu ya mama yake. "Mambo yako yaende kama maji!"

"Mtaa huu?" Ralitsa alicheka. "Usiniombee hilo."

Swali la kumi na nne lilimtaka achague: mume wangu alikwenda, au amekwenda? Mwalimu Nevena aliwafundisha kwamba jambo lililotajiwa siku yake limekwisha, lakini lisilokwisha bado unaishi nalo. Ralitsa hakuhitaji kuwaza. Amekwenda. Swali la mwisho lilitaka kitenzi kuhusu mama na nyumbani kwake. Akakiandika, akakibandika mkia.

Saa sita mchana Mwalimu Nevena alitoka mbio. "Thelathini na nane kati ya arobaini! Miezi yote nakuuliza mkia umeusahau sokoni, kumbe umeuficha, mjanja wewe!"

Cheti kilikuwa kwa karani, Bwana Karaslavov. Alipitisha kidole kwenye daftari la mahudhurio, polepole.

"Kanuni inataka jioni arobaini. Wewe una thelathini na saba."

"Nimefaulu, bwana."

"Nani kakuuliza kufaulu? Hizi jioni tatu ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, nakinga maji. Mama mkwe mgongo ulimkamata, ndoo hainui. Na zamu yetu ilikuwa jioni, mlivyopanga wenyewe." Akanyoosha kidole. Ratiba ya maji ilikuwa ukutani, nyuma ya kichwa cha karani, imepigwa muhuri wa manispaa.

"Hiyo ni idara ya maji. Hapa ni elimu."

"Mlango si ni mmoja, bwana?"

"Huyu ndiye wa kwanza darasani," Mwalimu Nevena aliingilia.

"Mwalimu, mimi sikufundishii. Nawe usinipigie mihuri. Arudi Septemba, aanze upya."

Ralitsa aliitazama karatasi yake ya mtihani juu ya meza, kisha akainyakua.

"Hiyo ni mali ya ofisi!"

"Kazi ni yangu," alisema, akaikunja na kuitia mkobani.

Meneja wa hoteli aliisoma karatasi hadi mwisho. "Alama nzuri, dada. Sasa muhuri uko wapi?"

Alipofika nyumbani, supu ya maharage ilikuwa ikichemka. Kizingiti kilikuwa kimekauka.

"Yameenda kama maji?" Bilyana aliuliza.

"Yameenda, mwanangu."

Bibi Tsonka alimtazama usoni mara moja tu. Alipanda kiti, mgongo ule ule, akateremsha sanduku la safari kutoka juu ya kabati, akaanza kulipangusa kwa kitambaa kikavu.

Bilyana aliitoa karatasi mkobani, akaitandaza juu ya sanduku. Herufi zile za kigeni hakuzijua. Alijua sentensi tu, alizozisikia alfajiri baada ya alfajiri mama yake akikinga maji. Aliweka kidole chini ya mstari wa mwisho, kama anayesoma, akasema kwa Kiingereza, mkia ukiwa mahali pake:

"Mama hurudi nyumbani kila jioni."