Kengele Mbele Yangu

Jiwe lilinipata begani kabla sijamsikia aliyelirusha. Nilikuwa nateremka kuelekea mtoni, ng'ambo ya Khayega, saa ile ambayo jogoo wameshawika lakini huwezi kutofautisha ng'ombe na kichaka. Nyuma ya ua wa michongoma mwanamume akasema, bila hata kupaza sauti, "Leo tumekupata, omulosi." Nilikimbia kuliko nilivyowahi kukimbia kiwanjani, na hakuna aliyenipigia makofi.

Omulosi ni mchawi. Kila mtoto wa huko anajua tabia zake: hukimbia gizani peke yake, miguu mitupu, kimya, akipita karibu na nyumba za watu wanaolala. Sasa nihesabie. Nilikuwa gizani, peke yangu, miguu mitupu, kimya, tena bi harusi mgeni asiyejulikana vizuri alikotoka. Ningekuwa Shitanda, jirani yetu mwenye ua ule, labda ningerusha mawe mawili.

Kilichonipeleka gizani ni heshima. Mke wa mtu na baba mkwe wake hawaonani, ingawa wanaishi boma moja. Hezekiah, baba yake Patroba mume wangu, alikuwa mzee wa kanisa na mtu wa kushika desturi. Alikohoa kabla ya kupita jikoni ili nipate kujitenga. Tukikutana njiani, mmoja wetu aliingia kwenye nyasi na kuangalia chini. Nilimjua kwa kikohozi na kwa viatu. Mwanamke wa nyumba kama hiyo atakimbiaje mchana kweupe, amevaa kaptura ya shule?

Na kuacha sikuweza. Mwaka uliofuata uhuru niliwashinda wasichana wote wa Lugari, ambako baba yangu Masinde alikuwa amepata shamba katika ardhi iliyoachwa na mzungu. Afisa wa michezo, Kibiwott, aliniambia nije Kakamega kwa mashindano ya mwezi wa Agosti. Wawili wa kwanza wangepelekwa Nairobi. Kabla Agosti haijafika nikaolewa. Patroba alikaa nami siku chache, kisha akarudi kazini Nakuru. Alipokuwa akipanda basi aliniambia, "Kimbia, Navalayo. Lakini baba asikuone miguu."

Baada ya hapo sikulisikia tena jina langu. Nilikuwa bibi ya Patroba, na Patroba hakuwepo. Lugha yao ilikuwa jirani ya yetu, lakini wanawake walipocheka kisimani nilichelewa kuelewa, nikabaki nacheka peke yangu wenzangu wameshanyamaza. Alfajiri, nilipokimbia, ndipo nilipokuwa mtu ninayemfahamu.

Jioni ya siku ile ya jiwe, Shitanda alikuja nyumbani. Mimi nilikuwa jikoni nasonga obusuma, ugali wa huko, na ukuta wa udongo hauzuii maneno. Alieleza kwamba mtoto wake ana homa, kwamba kila alfajiri anasikia nyayo, na kwamba lisemwalo lipo. Hakuwa na ugomvi na Hezekiah, akasema, lakini siku nyingine haitakuwa jiwe, itakuwa panga.

"Mtu mzima hakimbiangi kama hakuna kitu inamfukuza," alimalizia.

Nilingoja Hezekiah anitetee. Alikohoa, akauliza kama mtoto amepelekwa hospitali. Basi. Nilimchukia usiku huo, nasema wazi.

Mama mkwe, Jescah, alinikanda bega kwa kitambaa cha moto. Alikuwa mpole kuliko nilivyotarajia. "Acha hii mbio, mwanangu," alisema. "Watakuua, na sisi tutakuzika tu." Nilikuwa nafikiria kwamba pengine ana haki, na kwamba nikiacha, hatabaki mtu yeyote ndani ya bibi ya Patroba.

Alfajiri nilitoka, nikafika langoni nikashindwa. Umande ulikuwa baridi miguuni na bega lilikuwa limevimba. Nilikuwa nimeshageuka kurudi ndani niliposikia kikohozi.

Hezekiah alikuwa barabarani na baiskeli yake, amenipa mgongo. Hakugeuka. Alipanda, akapiga kengele, akaenda polepole. Mimi nikasimama palepale. Akafika mbele kidogo, akashusha mguu mmoja chini, akapiga kengele tena, macho yake bado mbele. Ndipo nilipoelewa kuwa ananiita, na kwamba hii ndiyo njia pekee aliyokuwa nayo ya kuniita.

Nikamfuata. Kila boma tulilopita alipiga kengele na kumwita mwenye boma kwa jina. Tulipofika kwenye michongoma alipunguza mwendo.

"Shitanda, mmeamka? Ni mimi Hezekiah. Napita na mtoto wangu, anafanya mazoezi ya mbio. Mtoto wako amelalaje?"

Kisha kutoka nyuma ya ua: "Amelala vizuri, mzee."

Hivyo tukaenda mpaka Agosti. Watu walizoea, wengine wakawa wanaamshwa na kengele ile kwenda kukamua. Mlimani alishuka akasukuma baiskeli, nami nilirukaruka papo hapo nyuma yake, maana nikimpita angeniona miguu. Hakuniambia neno hata moja. Nilikuwa salama, na bado nilikuwa peke yangu, lakini upweke wenye mgongo wa mtu mbele yake si sawa na ule mwingine.

Siku ya mashindano Kakamega ilijaa ngoma za isukuti na vumbi. Katika mzunguko wa pili niliona, kati ya umati uliokuwa ukipiga kelele, mtu mmoja aliyeshika baiskeli na kukipa kiwanja mgongo, anaangalia miti. Nikaukimbilia mgongo ule kila nilipozunguka. Nikawa wa pili. Jescah aliniambia baadaye kwamba mzee alimsumbua mtu aliyesimama karibu naye mbio nzima, akimuuliza, "Yuko wapi sasa?"

Nairobi nilishindwa vibaya, na sikujali sana.

Hezekiah alifariki watoto wangu wakiwa wakubwa. Tulipopanga foleni kumuaga, nilijitenga pembeni kama nilivyozoea, mpaka Jescah akanishika mkono. "Njoo," alisema. "Sasa imekwisha, unaweza kumwona."

Nikasogea nikamwangalia. Ulikuwa uso mwembamba, wenye kovu dogo kidevuni, uso wa mzee ambaye sikuwahi kumjua. Wanawake nyuma yangu walikuwa wakilia na kunisukuma nisonge mbele. Nilitamani wamgeuze.