Mikono ya Shemeji Usukanini

Gari jekundu la bosi wa kiwanda cha magodoro liliingizwa gereji asubuhi, likiburutwa kwa kamba, na mikono ya marehemu dereva wake ilikuwa bado imeshika usukani. Mikono tu, ikiishia kwenye mikunjo ya shati jeupe la kazini, pete ya ndoa kidoleni. Mwili uliobaki ulikwishazikwa. Waliokwenda kumtoa garini waliivuta mikono ikakataa, wakaona wasicheleweshe maziko. Dereva mpya, aliyekuwa akiongoza gari wakati linaburutwa, alikuwa ameweka mikono yake katikati ya ile ya marehemu, kwa adabu.

Fundi, ambaye mtaa mzima ulimwita Kibiriti kwa sababu ya hasira zake, aliinama dirishani.

"Shikamoo, shemeji."

Marehemu alikuwa mume wa dada yake. Kidole gumba cha kulia kiliinuka kidogo, kikarudi haraka chini ya usukani. Zaidi ya hapo haikuwezekana. Hata enzi za uhai wake mikono hiyo haikuachia usukani kwa ajili ya salamu, na ndiyo maana watu walimwita Maringo. Alikuwa akipita na lile gari la spoti, la kizamani, la milango miwili, tumbo lake karibu liguse lami. Watu wanampungia, yeye anatikisa kichwa tu. Wakasema, tazama huyo, kapewa gari la watu kuendesha, kichwa kimevimba.

Kichwa kimevimba! Nguzo inayobeba usukani katika magari ya namna ile imeshikwa na bolti nne zilizojificha ndani, huwezi kuzifikia mpaka uung'oe usukani wenyewe. Miaka ikienda zinalegea, na usukani unacheza mkononi kama mpini wa jembe bovu. Maringo alikuwa akiendesha huku amebeba. Vidole gumba chini, mabega yamekaza, kutwa nzima, bosi akiwa kando yake anaongea na simu. Angeachia mkono mmoja kumpungia mtu, wangelala mtaroni wote wawili.

Alimwambia bosi. Bosi akajibu, "Gari la zamani ni kama mzee, lina tabia zake. Lizoee." Kibiriti naye alimwambia, tena mbele ya watu: niachie gari asubuhi, jioni ulichukue. Bosi akasema yeye si mtu wa kushinda bila gari. Basi usukani ukadondoka kwenye kona ya kiwandani, siku ambayo dereva alikuwa peke yake. Gari likavamia ukuta, mtu akafa, na bosi akashinda bila gari miezi mizima, na hakufa.

Asiyekuwapo na lake halipo. Bosi aliwakusanya wafanyakazi akawaambia Maringo aliponzwa na mbwembwe zake, kila mtu si anajua alivyokuwa? Wakatikisa vichwa kwamba wanajua. Mkaguzi wa ajali aliiomba ile mikono isogee kidogo ili asome kipimo cha mwendo, akaishukuru, akaamua kosa ni la dereva. Mjane, Mama Pacha, akaambiwa ahame nyumba ya kiwanda, kwa kuwa nyumba zile ni za watu waangalifu. Pacha wake shuleni wakaitwa watoto wa mvunja magari. Na mikono ipo palepale! Vidole gumba chini, imebeba, mwenye macho haambiwi tazama. Waliitazama wote. Wakaenda zao kula.

Sasa bodi ilikuwa imeshanyooshwa kule uani kwa bosi kabla gari halijaletwa gereji, na rangi inang'aa, kwa sababu rangi inaonekana. Usukani ulibaki mwisho.

"Ukaze," bosi alisema, akifuta vumbi kwenye boneti kwa leso. "Na hiyo mikono iangalie isiniharibie ngozi ya usukani. Inatoka jasho."

"Inatoka jasho kwa sababu imebeba, bosi. Hata wewe unaona."

"Ninaona mikono imeshika usukani. Dereva ashike nini, miguu?"

Akacheka peke yake, akaondoka. Atarudi jioni.

Kibiriti hakuwa ameshika spana bado Mama Pacha alipofika. Hakusalimia mtu. Alifungua mlango wa gari, akatoa chupa ndogo ya mafuta, akaanza kuipaka mikono ya mumewe, kidole kimoja kimoja, kama alivyokuwa akifanya kila siku uani kwa bosi, mlinzi akijifanya hamwoni.

"Usikaze, mdogo wangu," alisema bila kugeuka.

"Dada."

"Usikaze nakwambia! Huu mlegeo ndio shahidi wangu. Nimebakiwa na nini kingine? Ninataka yule mtu aushike kwa mkono wake, ucheze, aseme mbele za watu kwamba mume wangu alimwambia. Neno moja tu. Pacha walisikie."

"Na huyu?" Kibiriti aliokota spana, akamwelekezea nayo dereva mpya, mwanamume mpole aliyekuwa amejikunyata kando ya matairi. "Kesho huyu ndiye anakaa hapo."

"Mimi nina mama yangu," dereva mpya alisema. "Na kazi nyingine sina."

"Aache kazi!"

"Wewe mumeo aliacha?"

Lilimtoka vibaya, na Kibiriti alilijutia palepale. Mama Pacha alimtazama mpaka Kibiriti akainamisha uso. Hapo mkono wa kulia wa marehemu ukafanya jambo ambalo haukuwahi kulifanya. Uliachia usukani. Usukani ukashuka, wa kushoto ukaudaka, mishipa imesimama. Ule wa kulia ukanyooka nje ya dirisha, kiganja juu, ukasubiri.

Ulitaka spana.

"Ndivyo alivyo," alisema Mama Pacha. Akaifunga chupa ya mafuta. "Kila mtu kwanza, sisi baadaye. Mpe basi. Mpe!"

Wakafanya kazi wawili, Kibiriti na shemeji yake. Walitoa kifuniko cha honi, wakafungua nati kubwa, usukani ukang'olewa. Mkono wa kushoto ulihamia kwenye nguzo yenyewe, ukaishikilia isiyumbe. Bolti zilikuwa nne kweli: mbili zimelegea, moja imekatika kichwa, na moja haikuwepo kabisa. Kibiriti alitukana kila alipoifikia nyingine. Kwa hasira alitaka kumrudishia bosi angalau ile moja iliyokatika. Mkono wa kulia ukaitoa taratibu, ukaokota mpya kwenye kopo, ukampa. Walipomaliza, mikono ilirudi usukanini, ikausukuma juu, ikauvuta chini. Haukucheza. Ikaachia, ikalala kitini, viganja wazi.

Bosi alirudi jioni. Wafanyakazi wa kiwanda waliotoka zamu walikuwa wamesimama getini pa gereji, kwa kuwa Kibiriti aliwaita.

"Bosi, kabla hujaondoka. Sema mbele ya dada yangu kwamba marehemu alikwambia usukani umelegea. Sema tu."

Bosi aliushika usukani. Akautikisa kwa mikono yote miwili, kwa nguvu zake zote, mpaka gari zima likayumba.

"Umelegea wapi?" aliuliza. Aliwaita walio getini. "Njooni mshike. Mwenye kuona umelegea aseme."

Wakaja, mmoja mmoja, wakashika. Hakuna aliyesema. Mwenye nguvu mpishe, na wote walikuwa na zamu kesho.

Kibiriti alirusha spana, ikatoboa bati la ukuta. Tundu hilo lipo mpaka leo. Bosi alisema kazi ni nzuri, na akaomba takataka zitolewe kitini. Mama Pacha aliifunga mikono ya mumewe kwenye mtandio wake, akaipakata, akaondoka kwa miguu.

Siku hizi wanakaa chumba kimoja kinachotazama barabara. Mikono inakaa dirishani. Inamenya vitunguu, inawafunga pacha vifungo vya sare, na kutwa nzima inawapungia wapita njia, kila mtu, hata wasiojulikana. Watu wanaitikia. Wanasema Maringo amekuwa mtu wa watu.

Ila gari jekundu likipita, mikono inasahau. Inainuka yote miwili, vidole gumba chini, inakaza, inabeba hewa.

"Shusha, baba," Mama Pacha humwambia. "Umeshakazwa."

Haishuki mpaka gari likate kona. Bosi, ambaye sasa anapenda kuendesha mwenyewe, huiona imeinuliwa akadhani anasalimiwa. Naye hupunga, kwa mkono mmoja, maana usukani hautikisiki.